Nabidhi, Sharbati na Pakiti: Historia ya Gilasi ya Futari



Ndugu msomaji, Ramadhan hii utakapoketi kwenye mkeka wa futari, hebu litazame jagi kabla hujamimina. Kama nyumba yenu ni kama nyumba zetu nyingi za pwani, utakuta mna unga wa pakiti uliokorogwa kwa maji, au sharbati nyekundu ya chupa, kisha vikombe viwili vya sukari juu yake "ili isiwe chapwa". Watu wamefunga zaidi ya saa kumi na tatu, koo zimekauka, na kitu cha pili kuingia tumboni baada ya tende ni hicho. Tunda lenyewe halimo. Lililoko ni picha ya tunda, tena iko nje ya pakiti.

Upande mwingine wapo vijana wenzetu ambao wamesikia habari za watu wa Ulaya na Marekani wanaokula vyakula vibichi tu, visivyopita motoni, na wanaokunywa maji ya matunda asubuhi na jioni. Wanauona huo ni mtindo mpya wa watu wenye pesa na mashine za bei ghali.

Makala haya yataka kukuonyesha kwamba mambo ni kinyume cha hivyo. Tunda bichi ndani ya maji safi, bila moto, hicho ndicho kinywaji chetu cha zamani, kuanzia Madina hadi Mombasa. Sukari ya bei rahisi ndiyo mgeni, na mgeni huyu ana historia ambayo kila kijana wa pwani anapaswa kuijua.

KINYWAJI CHA MTUME (S.A.W.)

Sote twaijua Sunna ya kufungua swaumu kwa tende mbivu za rutab, zikikosekana tende kavu, na zikikosekana hizo basi maji. Lakini je, wajua kwamba tende na maji pia zilikutana chomboni? Kinywaji hicho kiliitwa nabidhi. Neno lenyewe latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutupa, kwa sababu tende au zabibu zilitupwa ndani ya maji zikaachwa hapo mpaka utamu wake ukatoka. Hapana moto wala sukari. Kazi yote ni ya maji na muda.

Mama Aisha (r.a.) amesimulia, na hadithi iko katika Sahihi Muslim, kwamba walikuwa wakimlowekea Mtume (s.a.w.) katika kiriba cha ngozi. Iliyolowekwa asubuhi aliinywa jioni, na iliyolowekwa jioni aliinywa asubuhi. Katika riwaya ya Ibn Abbas (r.a.) twaona kwamba zabibu zilizolowekwa zilinywewa siku hiyo, kesho yake na keshokutwa. Ikifika jioni ya siku ya tatu kilichobaki kilinywewa au kupewa watu, na kikisalia chochote baada ya hapo kilimwagwa.

Kwa nini kimwagwe? Hapa ndipo penye elimu. Maji ya tunda yakiachwa kwenye joto huanza kuchachuka, na yakichachuka sana huwa ni kileo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa maabara. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali. Madina nako, siku ulevi ulipoharamishwa, wengi walikuwa wakinywa pombe ya tende zile zile. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa akiwamiminia watu nyumbani mwa Abu Talha amri ilipofika, akaamrishwa aimwage, na njia za Madina zikatiririka.

Ujumbe wa kabila la Abdul-Qays ulipokuja kwa Mtume (s.a.w.) kutoka mashariki ya Bara Arabu, aliwakataza wasiloweke vinywaji katika vyombo vya aina nne: buyu, mtungi uliopakwa rangi ya kung'aa, chombo kilichopakwa lami, na kisiki cha mtende kilichochongwa ndani. Wanazuoni wameeleza kwamba katika vyombo hivyo kinywaji huchachuka haraka bila mtu kutambua. Kiriba cha ngozi huvimba, kwa hiyo chajisemea chenyewe. Baadaye watu walipokwisha kuizoea sheria waliruhusiwa vyombo vyote kwa sharti moja tu, kwamba wasinywe kinacholevya.

Sasa angalia, ndugu yangu. Kati ya tunda halali na kileo haramu pana kitu kimoja tu, nacho ni muda. Kwa hiyo kinywaji cha Sunna kilikuwa ni kinywaji cha leo. Hakikuwekwa rafuni miezi sita kikingoja mnunuzi.

Tena kilikuwa ni kinywaji cha heshima. Ukoo wa Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), ndio waliokuwa na kazi ya kuwanywesha mahujaji pale Makka. Bedui mmoja alimuuliza Ibn Abbas: mbona jamaa zenu huwapa watu maziwa na asali na nyinyi mwawapa nabidhi, ni ufukara au ni ubakhili? Ibn Abbas akamshukuru Mungu, akasema si hili wala si lile. Mtume (s.a.w.) alifika kwao akiwa juu ya ngamia na Usama yuko nyuma yake, akaomba cha kunywa, wakampa nabidhi. Akanywa, akampa Usama iliyobaki, akawaambia wamefanya vizuri na waendelee hivyo hivyo. Basi wakawa hawataki kubadilisha kile ambacho Mtume alikisifu. Yaani hata zama zile wapo waliodhani kwamba kinywaji cha tende na maji ni cha maskini!

MOMBASA ALIYOIONA IBN BATTUTA

Tutoke Madina tuje kwetu. Mnamo mwaka 1331 msafiri mkubwa wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani hii akielekea Kilwa. Mogadishu aliandaliwa wali wenye samli, na pembeni yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kwamba embe likiiva ni tamu sana na huliwa kama tunda, na likiwa bichi ni kali kama ndimu nao hulitia achari. Mwembe asili yake ni Asia ya Kusini, kwa hiyo ushahidi huu waonyesha kwamba majahazi ya pepo za kaskazi yalikuwa yamekwisha kutuletea zaidi ya vitambaa na vyungu.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini aliyotuandikia ni hazina. Alisema miti ya kisiwa ni migomba, mindimu na mibalungi, na kuna tunda walilita jamun, mfano wa zeituni na kokwa yake, ila ni tamu mno. Hizo si zambarau zetu? Nafaka hazikulimwa kisiwani, zililetwa kutoka bara. Watu wake, alisema, ni Mashafii, wana dini, staha na wema, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Na kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, maji yake yako karibu, huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Ukiisoma habari hiyo wallahi waiona kata ya bibi yako.

Maji safi mlangoni mwa msikiti na ndimu kwenye ua. Mtu akishakuwa na viwili hivyo amebakiwa na nini cha kutafuta ili afungue swaumu?

Kisha tusisahau matunda yaliyokuwa ya Afrika yenyewe. Ukwaju Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Bara Hindi, lakini wataalamu wa mimea wanasema mkwaju asili yake ni Afrika ya kitropiki. Leo maji ya ukwaju huuzwa Cairo na Damascus kila Ramadhan, na wengi wanaoyanywa hawajui kwamba mti wake umetoka huku. Mbuyu nao ni hivyo hivyo. Misri haioti mibuyu, lakini matunda yake yalifika sokoni Cairo kwa misafara ya kutoka kusini, na mwaka 1592 daktari Mtaliano Prospero Alpini aliliandika tunda hilo katika kitabu chake cha mimea ya Misri. Unga mweupe wa ubuyu ukilowekwa kwenye maji na kuchujwa hutoa kinywaji kichachu chepesi. Sisi tumeupaka rangi na sukari tukawaachia watoto wa shule.

MACHUNGWA YALIYOOMBWA NA WAGONJWA

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na merikebu zake. Mabaharia wake walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa safari ndefu, fizi zimevimba zikafunika meno na miguu imejaa maji. Mfalme wa Mombasa, kabla mambo hayajaharibika baina yao, aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, ndimu na miwa kwa wingi. Mwandishi wa safari hiyo ameandika kwamba wagonjwa wao wote walipona hapo Mombasa, na yeye akadhani ni kwa sababu ya hewa nzuri.

Mwaka uliofuata waliporudi kutoka Bara Hindi walichukua karibu miezi mitatu baharini, wakafa watu 30 kwa ugonjwa ule ule, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, waliomba machungwa kwa sababu wagonjwa wao waliyatamani sana. Kwa baadhi yao yalikuja wakati umekwisha pita, wakafa hapo hapo.

Ulaya ilichukua miaka mingine 250 kulithibitisha jambo hili. Mwaka 1747 daktari wa Kiskoti James Lind aliwagawanya mabaharia wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Lakini msikilize alichofanya baada ya hapo. Ili maji ya malimau yadumu safarini, alishauri yapashwe moto kwa muda mrefu mpaka yawe mazito. Dawa hiyo iliitwa "rob", neno lililotoka kwa Kiarabu rubb, yaani maji ya matunda yaliyokolezwa motoni. Nayo haikufaa kitu kikubwa. Sababu yake haikujulikana mpaka karne ya 20, pale vitamini C ilipotambuliwa, kazi iliyofanywa kati ya 1928 na 1932 na Albert Szent-Györgyi pamoja na wengine. Vitamini hiyo huharibika kwa joto na kwa kukaa sana. Moto ulikuwa umeiua dawa, ukaacha uchachu peke yake.

Kwa hiyo wale wanaosema tunda linywewe bichi wana hoja katika jambo hili, na hoja yao ina ushahidi. Ulaya mtindo huo ulipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, aliyewalisha wagonjwa wake matunda na mboga mbichi. Marekani ukasaidiwa na mashine: blenda ya kwanza kupata hataza ilikuwa ya Stephen Poplawski mwaka 1922. Mizani lakini ni muhimu. Wapo waliozidisha wakadai chakula kibichi kinaponya kila maradhi, na hilo si kweli. Wala hakuna anayekwambia uache pilau! Watu wa Mogadishu walimpa Ibn Battuta wali uliopikwa, na maembe pembeni. Huo ndio mpango mzuri.

SUKARI ILIPOINGIA

Neno sharbati latokana na Kiarabu shariba, kunywa. Katika miji ya Kiislamu ya zamani, sharbati iliyotiwa sukari ilikuwa karibu na dawa kuliko kinywaji cha kila siku. Wahindi ndio waliojifunza kwanza kuyageuza maji ya miwa kuwa chembe, Waajemi wakaipokea elimu hiyo, na Waarabu wakaisambaza mpaka Misri na Andalusia. Lakini sukari ilikuwa ghali, ikiuzwa na maattari pamoja na viungo na dawa. Ibn Jumay', tabibu wa Kiyahudi aliyemhudumia Sultani Salahuddin, aliandika risala nzima kuhusu limau na faida zake. Mtu alipewa sharbati kwa kipimo, kama unavyopewa dawa ya kikohozi.

Ni nini basi kilichoifanya sukari ishuke bei mpaka ikawa kilo mbili mbili kwenye jiko la maskini? Hapa historia inauma.

Jibu kubwa ni utumwa. Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa kwenye meli kuvushwa Bahari ya Atlantiki, na kazi iliyowameza wengi kuliko nyingine yoyote ilikuwa ni ya mashamba ya miwa ya Brazil na visiwa vya Caribbean. Usidhani pwani yetu ilisalimika. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Wafaransa, ambavyo ni Mauritius na Réunion ya leo. Baadaye visiwa hivyo vilifunikwa na miwa.

Nasi wenyewe tusijitoe. Karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa ni Waislamu, Waarabu na Waswahili. Abushiri bin Salim, ambaye twamsifu kwa kupigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa hapo. Historia yetu ndiyo hiyo, ina fahari na ina aibu, na kijana wa Kiislamu aisome yote. Dini iliyofanya kumwacha mtumwa huru kuwa ni ibada na kafara haikuletwa ili tuwasage watu pamoja na miwa.

Hapa Kenya viwanda vikubwa vya sukari vilianza enzi ya ukoloni, Miwani karibu na Kisumu mwaka 1922 na Ramisi huku Kwale mwaka 1927. Ramisi ilipofungwa mwaka 1988, sukari ilikuwa tayari imekuwa ni chakula cha kila nyumba, haikosi katika chai, mahamri, kaimati wala sharbati.

CHUPA NA PAKITI

Vinywaji vya viwandani navyo vilikuja kidogo kidogo. Vimto ilitengenezwa Manchester mwaka 1908 na John Noel Nichols, wakati ambapo vuguvugu la kupinga ulevi lilikuwa na nguvu Uingereza na watu wakitafuta mbadala wa pombe. Kutoka miaka ya 1920 ikaanza kuingizwa nchi za Ghuba, na huko ikawa kama alama ya Ramadhan, ingawa ni ya Waingereza. Bara Hindi, miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne ya 20, Hakim Hafiz Abdul Majeed wa Delhi alitoa Rooh Afza, sharbati ya waridi iliyobuniwa kama dawa ya kumpoza mtu na joto. Unga wa Tang ulibuniwa Marekani mwaka 1957, ukapata jina uliponywewa na mwanaanga John Glenn angani mwaka 1962. Angani haieleweki mtu angepata wapi machungwa. Sisi tuko Kilifi na Kwale, machungwa yanaanguka chini yakaoza!

Hakuna aliyesema vinywaji hivi ni haramu. Tatizo ni kiasi, na ni kile kilichosukumwa pembeni ili vipate nafasi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ya kwanza ni kama gramu 50, na ya pili ni gramu 25, vijiko vidogo sita hivi. Gilasi mbili za sharbati iliyokolea, na kaimati za shira, vijiko sita umekwisha kuvivuka kabla ya swala ya Magharibi.

Angalia ndani ya familia yako. Kuna nyumba ngapi za kwetu ambazo mzee hafungi tena kwa sababu ya kisukari? Swaumu ni ngao, na sisi wakati wa kufuturu twaitoboa wenyewe.

Na haki isemwe pia: shirika hilo huhesabu hata sukari ya maji ya matunda yaliyokamuliwa, pamoja na asali. Tunda zima lina nyuzinyuzi, ukilichuja sana nyuzinyuzi zatupwa na utamu wabaki. Kwa hiyo kinywaji cha tunda nacho kina kipimo chake. Gilasi moja, tena usikichuje kupita kiasi, na tunda lenyewe liliwe. Mwenye kisukari asifuate makala, amuulize daktari wake.

TUFANYE NINI JIKONI?

Haya hayahitaji mashine ya bei ghali. Sharti la kwanza ni usafi, kwa sababu kinywaji kisichopikwa hakina moto wa kukusafishia makosa yako. Chemsha maji ya kunywa kisha yapoe kabisa. Yaani moto uwe wa maji, sio wa tunda. Osha tunda kabla hujalikata, osha mikono, na barafu usiyoijua maji yake iache. Kipindupindu hakijali kwamba kinywaji ni cha Sunna.

Nabidhi ya tende: tende saba zilizotolewa kokwa kwa gilasi mbili za maji. Loweka baada ya daku, funika, weka kwenye friji au mahali pa baridi. Magharibi zivuruge kwa mkono au kijiko, unywe na kula tende zake. Tende na zabibu usiziloweke pamoja, kwa sababu hadithi imekataza kuzichanganya. Ikitoa povu au harufu ya uchachu, mwaga.

Ukwaju: ngumi moja ya ukwaju kwa lita moja ya maji, tangu adhuhuri. Ufikiche, uchuje kokwa na nyuzi. Ukitaka utamu, sagia tende tatu nne ndani yake wakati wa kunywa.

Embe: embe moja lililoiva vizuri, gilasi mbili za maji, na maji ya nusu ndimu. Kama hakuna blenda ponda kwa mwiko kama walivyofanya bibi zetu. Embe likiiva sawasawa halitaki sukari.

Tikiti maji: vipande vya tikiti vipondwe, vikamuliwe ndimu juu yake. Maji usiongeze, mwenyewe limejaa maji.

Mabungo: pasua, tia kokwa na nyama yake ndani ya maji, fikicha kwa mikono safi mpaka maji yawe ya rangi ya machungwa, kisha chuja.

Na dafu je? Hilo Mwenyezi Mungu ameshalitengeneza, kazi yako ni panga tu.

Ulimi utalalamika wiki ya kwanza, kwa sababu umezoea. Punguza sukari kidogo kidogo, siku kumi za mwanzo nusu, siku kumi za kati robo, na siku kumi za mwisho, insha'Allah, uiache. Mwezi wa kufunza nafsi ndio huu.

MWEZI NA MISIMU

Kuna hekima moja ya kumalizia. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhan huzunguka, na baada ya miaka 33 hivi inakuwa imepita katika misimu yote. Mtu akijaaliwa umri atafunga Ramadhan ya maembe, Ramadhan ya machungwa na Ramadhan ya zambarau. Wazee wetu waliujua mwezi kwa tunda lake. Pakiti haina msimu. Ukinywa pakiti miaka 33, yote ni ladha moja.

Enyi vijana wa jumuiya, katika futari za misikitini sisi ndio tunaokoroga mapipa ya sharbati. Kuwanywesha watu ilikuwa ni cheo cha ukoo wa Abbas, na kila mwenye kumfuturisha aliyefunga ana ujira mfano wa ujira wake. Basi tuwanyweshe kitu kizuri. Tende za sadaka zipo, ndimu za Kilifi zipo, na maji ya kisima cha msikiti twaweza kuyachemsha. Tuanze hata na pipa moja la nabidhi kando ya lile jekundu, tuone lipi litakwisha.

Na wewe dada, na wewe kaka, usiku huu baada ya tarawehe muulize bibi yako walikuwa wakifuturu na kinywaji gani alipokuwa mdogo. Mwandikie jibu lake kwenye daftari kabla halijapotea.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atutakabalie swaumu zetu, awape afya wazee wetu wagonjwa, na awarehemu wote waliosagwa katika mashamba ya miwa bila majina yao kuandikwa popote. Amin.

Wabillahi tawfiq.